Kupotea Pamoja na Msimulizi: Namna ya Kusoma Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi

0. Utangulizi

Makala haya yametokana na swali lililoandikwa kwa kalamu ya risasi pembezoni mwa fotokopi. Tulikuwa tumekabidhiwa mazoezi ya somo la riwaya ya Kiswahili, nasi tukachagua Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Nakala ilikuwa moja tu, tena ya fotokopi, ikapita mkono kwa mkono miongoni mwa wanafunzi kwa muda wa wiki tatu. Iliporudi mezani petu ilikuwa na alama nyingi katika kurasa za mwanzo, chache katika kurasa za katikati, na hakuna hata moja mwishoni. Kwenye ukurasa wa kwanza mtu alikuwa ameandika: « Nani anasema? » Chini yake mkono mwingine ulikuwa umejibu: « Hata yeye hajui. »

Siku ya mazoezi darasa lilitoa hukumu yake bila kusita: hii si riwaya. Haina wahusika wanaojulikana, haina mahali, haina tarehe, na mambo yake ni ya kutisha pasipo sababu. Wengine waliomba kwa adabu tuibadilishe kwa Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo, ambayo angalau mtu aweza kuisimulia kwa mwenzake. Tulikaribia kukubali. Ni lazima tuungame kwamba sisi wenyewe, tulipoisoma Nagona kwa mara ya kwanza, tuliifunga kabla hatujafika mbali, tukajisingizia kazi nyingi.

Nia ya kurasa hizi ni kueleza ni kwa nini msomaji hupotea ndani ya Nagona na ndani ya Mzingile inayoifuata, ni funguo zipi ambazo kwa kawaida tunazijaribu, na ni njia ipi ambayo sisi, tuliolelewa katika masimulizi ya upande huu wa Afrika, tungeweza kuishika. Hatudai kuzifumbua riwaya hizo. Tunadai tu kwamba zinastahili kubaki katika mpango wetu wa masomo.

1. Mwandishi na vitabu vyake viwili

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, akasoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliaga dunia mwaka 2020, baada ya miaka mingi ya kufundisha nchini mwake na nchini Botswana. Riwaya zake nne za kwanza zinajulikana na wengi: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hizo zote, ingawa zina huzuni nyingi, zinafuata kanuni za uhalisia. Kuna kijiji, kuna familia, kuna shule, kuna siasa ya Ujamaa na matatizo yake. Msomaji anajua alipo.

Baada ya hapo Kezilahabi alikaa kimya kwa upande wa riwaya kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Katika muda huo alikwenda Marekani, akatetea mwaka 1985, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, tasnifu ya udaktari juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha zikatokea Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba, hakuna hata kimoja kinachofikia kurasa mia moja, lakini vilikata njia ambayo riwaya ya Kiswahili ilikuwa haijaipita.

Katika Nagona, msimulizi asiye na jina yumo safarini. Anafika katika mji uliotawaliwa na ukimya. Anakutana na padri ambaye bado anashika kazi yake ya kuungamisha, kana kwamba waumini hawajakoma kuja. Wanapita mbele yetu wanafikra wa Ulaya, wakiwemo Darwin, Marx, Nietzsche na Freud, si kama majina ya vitabuni bali kama viumbe wa hadithi. Anatajwa Nagona, kiumbe mfano wa paa anayewindwa pasipo kukamatwa, ambaye wahakiki wengi wamemwona kuwa sura ya ukweli. Kuna Ngoma Kuu, na kuna tumaini la kuzaliwa kwa mkombozi wa pili. Katika Mzingile, tumaini hilo limekwisha kuvunjika: msimulizi anapaswa kumtafuta mzee aitwaye Kakulu ili ampashe habari ya msiba wa mwanawe. Dunia anayoipita ni dunia iliyokwisha kuangamia.

Majina yenyewe yanafaa kutazamwa. Mzingile limetoka katika usemi mzingile-mwambiji, yaani fumbo la njia nyingi ambamo anayeingia hujikuta akirudi alikotoka. Na Kakulu, hata kwa asiyejua Kikerewe, linabeba mzizi -kulu ambao msemaji wa Kiluba au wa Kibemba anausikia kila siku katika neno mukulu, yaani mkubwa, mzee. Mwanafunzi wa Katanga anayo basi sehemu ya ufunguo mfukoni mwake kabla hajafungua kitabu.

2. Ugumu hauko katika maneno

Jambo la kwanza ambalo mwanaisimu analiona ni kwamba ugumu wa vitabu hivi si ugumu wa msamiati. Tenzi za kale humtaka msomaji wa hapa kwetu atembee na kamusi, Nagona haimtaki. Sentensi zake nyingi ni fupi, na maneno yake ni ya kawaida. Mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kina sarufi yake na mazoea yake, anaielewa kila sentensi, lakini haelewi ukurasa.

Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa mfano mdogo tuliojitungia wenyewe. Mtu akisema: « Niliamka, nikatoka nje, nikamkuta mama akipika », msikilizaji anaunganisha matendo matatu bila kazi yoyote. Kiambishi -ka- kinamwambia kwamba tendo moja limefuata jingine, na ujuzi wake wa maisha unamwambia kwa nini. Sasa mtu huyo aseme: « Niliamka, nikatoka nje, nikamkuta mtu aliyekufa zamani akisoma kitabu, nikaketi karibu naye. » Sarufi ni ileile. Mshikamano wa maneno haukuvunjika mahali popote. Kilichovunjika ni muwala, yaani ule uzi wa maana ambao msomaji huushika ili ajue kwamba jambo hili limetokana na lile. Tena msomaji anangojea neno moja ambalo haliji: nikashangaa. Msimulizi hashangai. Anaketi tu.

Hapo ndipo giza la riwaya hizi linapoanzia. Fasihi ya Kiswahili haikungojea mwaka 1990 ili ijue mambo ya ajabu. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert alitupeleka kwenye nchi iliyo angani, na katika Adili na Nduguze (1952) kuna majini na watu waliogeuzwa kuwa nyani. Lakini kule msimulizi anamshika msomaji mkono. Anamwambia nchi inaitwaje, nani ni mwema, nani ni mwovu, na mwishoni haki inapatikana. Maajabu yako katika mambo yanayosimuliwa. Usimulizi wenyewe umetulia. Kezilahabi amefanya kinyume. Ameyaondoa yale ambayo msimulizi wa kawaida anadaiwa na msomaji wake: jina, mahali, wakati, mpaka kati ya ndoto na macho, mpaka kati ya hai na mfu. Yule mwanafunzi aliyeuliza « Nani anasema? » hakuwa amekosa kuelewa. Alikuwa ameuliza swali ambalo kitabu kinataka liulizwe, na mwenzake aliyemjibu alikuwa amefika mbali kuliko alivyodhani.

3. Funguo mbili zisizofungua mlango wote

Sisi walimu, tunapoona darasa limekwama, tuna ufunguo mmoja ambao tumeuzoea mno. Tunasema: kila kitu ni alama ya kitu kingine. Padri ni dini, wanafikra ni elimu ya Magharibi, Nagona ni ukweli, Ngoma Kuu ni mageuzi. Wanafunzi wanaandika kwa furaha, kwa sababu sasa kuna jambo la kujibu katika mtihani. Tulifanya hivyo katika kipindi cha pili, na orodha ikajaa ubao.

Hatusemi kwamba orodha ile ilikuwa ya uwongo. Mtu aliyesoma seminari na kuandika tasnifu ya falsafa hakuweka padri na wanafikra kwa bahati. Lakini orodha ilipokamilika, kitabu kilikuwa kimetoweka. Hakuna aliyeogopa tena, hakuna aliyepotea tena, na hakuna aliyekuwa na haja ya kurudi kwenye ukurasa. Kama Kezilahabi angetaka kutuambia tu kwamba ukweli haukamatiki, angeliandika sentensi hiyo na kutuachia karatasi iliyobaki.

Ufunguo wa pili tuliuletewa na mwanafunzi wa kike, mzaliwa wa Kivu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Alinyosha mkono wakati wenzake wakinakili orodha. « Mwalimu, » alisema, « mimi sioni ajabu katika ule mji. Sisi tulirudi kijijini siku ya nne. Milango iko wazi, sufuria ziko juu ya mafiga, na mtu hakuna. Unaingia kwa jirani, unapiga hodi, nawe unajua hakuna wa kuitikia. Lakini unapiga tu. Ndivyo anavyofanya huyu wa kitabu. »

Darasa lilinyamaza. Sisi pia hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumetumia saa mbili kufundisha kwamba mji ule ni wa kubuniwa, nao ulikuwa umekaa kwenye dawati la nyuma wakati wote.

Ushuhuda huo ulitusaidia kuliko uhakiki mwingi tuliousoma, kwa sababu ulionyesha kwa nini msimulizi hashangai. Anayeingia mahali palipokwisha kuharibika hana nafasi ya kushangaa. Anafanya desturi zilezile alizofunzwa, hata kama hakuna tena wa kuzipokea. Padri anaungamisha. Mgeni anapiga hodi. Hata hivyo, tulipojaribu kuusoma ukurasa baada ya ukurasa kwa ufunguo huo peke yake, ulikwama nao. Nagona si habari ya vita vya mahali fulani. Ina ngoma, ina unabii, ina mabishano juu ya elimu na imani ambayo hayawezi kugeuzwa kuwa ushuhuda wa wakimbizi. Tena si haki kumtaka mwandishi wa Ukerewe awe ameandika historia ya Kivu, wala si haki kumtaka mwanafunzi wa Kivu awe ufafanuzi wa kitabu.

4. Tulichokisahau: Mwindo

Katika kipindi cha tatu tuliacha Nagona mezani, tukasoma utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa upande wa Walikale katika Kivu ya Kaskazini. Masimulizi hayo, ambayo Candi Rureke aliyatoa mwaka 1956, yalinakiliwa na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu Mkongo Kahombo Mateene, yakachapishwa mwaka 1969. Baadhi ya wanafunzi walijua sehemu zake kutoka nyumbani. Wengine hawakuwahi kuyasikia.

Mwindo anazaliwa katika mji wa Tubondo, ambamo baba yake, mtemi Shemwindo, amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Anazaliwa akisema na akitembea, na usinga uko mkononi mwake. Baba anajaribu kumwua, anamfukia, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anarudi, mji wa Tubondo unateketea kwa umeme, naye anamfuata baba yake hadi kwa Muisa, chini kuzimuni. Baadaye anapelekwa angani, anaonyeshwa mateso ili ajifunze kutawala.

Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza: « Nani anasema? » Hakuna aliyelalamika kwamba mtoto hawezi kusema siku ya kuzaliwa, au kwamba njia ya kuzimuni haiko katika ramani. Tukawauliza kwa nini wanayakubali hapa na kuyakataa kule. Majibu yao yalikuwa mazuri, nasi tunayakusanya kwa kifupi.

Kwanza, katika utendi msimulizi anaonekana. Yuko mbele ya watu, anaimba, anacheza, wanamwitikia. Akisema « mimi », kila mtu anamjua. Pili, safari ya Mwindo ina mwendo ambao msikilizaji anaujua tangu utoto: kutoka, kuteswa, kushuka, kurudi. Giza linavumilika kwa sababu kuna kurudi. Tatu, Mwindo ana ndugu zake, hasa shangazi yake Iyangura. Hata akiwa kuzimuni, kuna kamba inayomwunganisha naye.

Tulipofungua tena vitabu vya Kezilahabi baada ya mazungumzo hayo, tuliona kwamba havikuwa vigeni kama tulivyodhani. Safari ya kwenda kwa wafu, mzee mwenye nguvu anayekaa mbali na watu, mnyama asiyekamatwa, unabii wa mkombozi: hayo yote ni mali ya masimulizi ya kale ya nchi zetu, kutoka maziwa makuu hadi msitu wa Kongo. Wahakiki wamezoea kulitaja jambo hilo kwa jina la uhalisia wa kiajabu na kulitafutia chanzo Amerika ya Kusini. Haikatazwi kulinganisha. Lakini msomaji wa Lubumbashi hana haja ya kuvuka bahari ili apate pa kuanzia.

Kinachotisha katika riwaya hizi ni kile kilichoondolewa kutoka katika masimulizi hayo ya kale. Msimulizi anabaki, wasikilizaji hawapo. Safari inabaki, lakini hakuna nyumba ya kurudi. Yule mwanafunzi wa Kivu ndiye aliyelisema vizuri zaidi. Alikumbusha kwamba Mwindo, baada ya kumrudisha baba yake, anawafufua watu wa Tubondo waliokuwa wameteketea, kwa kuwapiga kwa usinga wake. « Huyu wa Kezilahabi, » alisema, « hana usinga. »

5. Kasoro na mapendekezo

Tusije tukageuza utetezi kuwa sifa tupu. Kuna kasoro ambayo wanafunzi waliitaja na ambayo hatuwezi kuikana. Wale wanafikra wa Ulaya wanaingia kwa majina yao peke yake. Aliyesoma falsafa anacheka au anafikiri. Asiyesoma anagonga ukuta. Sehemu hizo zinamtaka msomaji awe amepita chuo kikuu, wakati sehemu nyingine zinamtaka awe tu amesikia hadithi usiku. Pengine mwandishi alitaka hasa mgongano huo, kwamba elimu ile ikae kama mzigo usiofunguka katikati ya mji uliokufa. Lakini nia ya mwandishi haimpunguzii msomaji uchovu.

Kwa wenzetu wanaotaka kufundisha vitabu hivi tunapendekeza mambo manne.

a) Visomwe kwa sauti, sura nzima kwa mara moja. Sura za Nagona si ndefu, na sauti ya mtu humrudishia msimulizi wasikilizaji aliowapoteza. Darasa letu lilielewa zaidi kwa kusikia kuliko kwa macho.

b) Maswali ya usimulizi yatangulie maswali ya maana. Nani anasema? Anamwambia nani? Amejuaje? Kitu gani angepaswa kukishangaa, naye hakukishangaa? Mwanafunzi akijibu hayo kwa kuonyesha maneno yenyewe, swali la « hii ni alama ya nini » linakuwa na uzito mwingine.

c) Vitabu viwili visitenganishwe. Tumaini la Nagona linajibiwa na msiba wa Mzingile, na anayesoma kimoja peke yake amesikia nusu ya mazungumzo.

d) Itumiwe pia tafsiri ya Kifaransa ya Xavier Garnier, iliyotoka mwaka 2010 ikiwa na riwaya zote mbili katika buku moja. Si kwa ajili ya kurahisisha. Wanafunzi wetu wanaoishi kati ya lugha hizi mbili waweza kupima wenyewe mnyororo wa -ka- unageuka kuwa nini katika Kifaransa, na kama ukimya wa msimulizi unabaki uleule.

Kazi hiyo ina faida nyingine. Riwaya za majaribio zilizofuata, kama Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), hazimwachi msomaji wa uhalisia peke yake astarehe. Aliyejifunza kutembea katika mzingile wa Kezilahabi hatazikimbia.

6. Hitimisho

Nagona imebaki katika mazoezi yetu. Hatukushinda hoja zote. Mwisho wa Mzingile, ambao wahakiki wengi wanauona kuwa una mwanga wa mwanzo mpya, ulitugawa hadi siku ya mwisho. Wako walioukubali. Mwanafunzi wetu wa Kivu hakuukubali. Aliandika katika karatasi yake kwamba mwandishi alichoka na giza mapema kuliko watu wanaoishi ndani yake. Tulimpa alama za juu, ingawa sisi binafsi tunauamini mwisho ule zaidi yake. Labda tunauamini kwa sababu hatukurudi kijijini siku ya nne.

Ile fotokopi imekwisha kuchakaa, tumeitoa nyingine. Maandishi ya kalamu ya risasi yameonekana vizuri hata katika nakala mpya, swali na jibu lake. Hatukuyafuta. Mwaka huu mtu ameongeza mstari wa tatu chini yake: « Basi tumsikilize. »